Usiitikie Sauti ya Matutani

Nilichukua birika nikaenda kuteka maji kabla giza halijaingia. Watalii walikuwa wamejilaza mahemani wakisugua miguu yao, na Bwana Abelardo, kiongozi wao, alitaka chai ya majani ya koka upesi kabla hawajaanza kulalamikia vichwa kuuma kwa hewa nyembamba ya mlimani. Mimi ndiye mpishi wa msafara. Kambi yetu ya mwisho iko chini kidogo ya magofu ya Wiñaypata, na chemchemi iko nyuma ya mwamba, mahali ambapo ukungu hupanda kutoka bondeni mzito kama moshi wa kuni mbichi.

Niliinama. Maji yakaanza kuingia birikani.

"Natucha..."

Nikadhani ni maji.

"Natucha... nina baridi."

Hakuna mtu anayeniita Natucha. Jina langu ni Fortunata. Aliyelikata jina hilo akalifanya la chumbani ni mume wangu, Melitón, aliyepotea kwenye njia hii hii, akiwa kazini na msafara, msimu wa mvua uliopita.

Kisha ikaja harufu. Udongo uliofungiwa siku nyingi, nguo zilizoota ukungu, na juu yake koka iliyotafunwa.

Kwetu mtoto hufundishwa jambo hili kabla hajajua kufunga mshipi. Ukiitwa karibu na kuta za kale jua likizama, usiitikie. Ndani ya kuta hizo wanakaa Wale wa Kale, waliokuwepo kabla jua letu halijaumbwa. Huazima sauti ya mtu unayempenda. Ukiitikia wamekupata, nao watakunyonya polepole mpaka ubaki ngozi na macho.

Sikuitikia. Niliacha birika pale pale, nikakimbia.

Jikoni nilimkuta Crisólogo, mdogo wake Melitón, ambaye ndiye anayeswaga baghala wetu, nyumbu wa kubeba mizigo. Alikuwa akinyofoa sufu kwenye blanketi na kuisokota iwe vidonge vidogo.

"Birika liko wapi, shemeji?"

"Limebaki."

Hakuuliza kwa nini. Aliingiza kidonge kimoja sikioni, cha pili akabaki nacho kwenye ncha ya kidole.

"Umekisikia," alinong'ona.

"Nimesikia nini?"

"Kile kitu. Kinachojifanya kaka."

Nilimtazama. Sikuwa nimemwambia sauti ilikuwa ya nani.

"Kinakuita na wewe?"

"Kila safari."

"Tangu lini, Crisólogo?"

Akaziba sikio la pili, akanigeuzia mgongo.

Msimu ule wa mvua Crisólogo alirudi nyumbani amelowa mpaka mifupani, akaleta baghala wote na kofia ya kaka yake. Akaniambia Melitón aliteleza kwenye matuta ya mawe, akaenda na bonde. "Hata kelele hakupiga, shemeji." Tukaomboleza. Tukafua nguo za marehemu mtoni kama ilivyo desturi. Tukazika kofia. Baadaye nikaomba kazi ya kupika kwenye njia hii, kwa sababu kofia haijazi kaburi.

Usiku ule sikulala. Nilikuwa nimeanza kumwogopa aliye hai kuliko aliyekufa.

Asubuhi Bwana Abelardo alipowapandisha watalii magofuni, nilijifunga shuka langu nikawafuata.

"Mama Fortunata, leo na wewe unatalii?" alinitania. "Sufuria zitaoshwa na nani?"

"Nataka kuona mnachokifuata huku juu."

"Mawe, mama. Mawe na picha."

Akacheka, akaendelea kuwaonyesha wageni wake jinsi mawe yalivyobanana bila udongo hata kidogo. Wakaanza kupiga picha. Nami nikashuka upande wa pili, kwenye matuta ambayo msitu wake haujafyekwa. Mfukoni nilikuwa na chumvi ya kumfukuza shetani. Chini ya shuka nilikuwa na kopo la supu ya moto kwa ajili ya mume wangu. Sikujua nitahitaji kipi.

Ukungu ulinifunga njiani. Ndege wakanyamaza.

"Natucha... umechelewa."

Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa tuta la chini, kanipa mgongo. Poncho nyekundu, lile vazi la blanketi lenye tundu la kichwa. Nilimfumia mwenyewe mwaka aliponioa. Manyunyu yalikuwa yakianguka, kila jani linachuruzika.

Poncho ilikuwa kavu.

"Ni wewe?" niliuliza. Nilijua nimeitikia. Nilijua, na sikujali.

"Usije mbele. Usinitazame usoni."

"Ulianguka?"

"Nilianguka. Mguu ukavunjika. Nikaita."

"Crisólogo anasema hukupiga hata kelele."

Nilisikia kitu kikisaga, kama mtu anayetafuna bila chakula.

"Aliniitikia mara moja," alisema. "Nikasikia kengele za baghala zikisimama pale juu. Halafu... zikaondoka."

Nikatoa kopo chini ya shuka.

"Nimekuletea supu," nilisema. Sijui kwa nini nilisema hivyo. Mke atasema nini kingine?

"Weka hapo. Nina baridi, Natucha."

Niliinama kuweka kopo juu ya jiwe. Nilipoinua uso, ukingo ulikuwa mtupu. Mahali alipokuwa amekaa majani hayakuwa yamelala.

Nyuma yake palikuwa na ukuta mdogo. Ulikuwa umeziba mdomo wa kishubaka kikubwa, vile vishubaka ambavyo watu wa zamani waliviacha kwenye kuta zao. Lakini mawe haya hayakupangwa na watu wa zamani. Yalirundikwa ovyo, kutokea ndani, na mtu aliyekuwa amekaa chini na kuukimbia upepo.

Niliyaondoa moja moja.

Alikuwa amejikunyata humo, goti kifuani. Mifupa na vipande vya poncho iliyooza. Mguu mmoja ulifungwa kwa kombeo lake la sufu, ukakazwa kwa kijiti. Kando yake palikuwa na katambuga zake, zile za tairi ambazo sote huvaa huku. Nikaokota moja.

Ukingo wake ulikuwa umeng'atwa. Kisigino chote kimeliwa. Alama za meno zilikuwa wazi kwenye mpira, zimepangana.

Mtu aliyeanguka akafa hatafuni kiatu chake.

Crisólogo alikuwa kambini akikaza kamba za mizigo. Niliitupa katambuga mbele ya miguu yake. Akaitazama. Akaitazama tena. Kisha akakaa chini polepole kama mzee.

"Nilimwitikia," alisema. "Akaniambia, mdogo wangu, nivute. Sauti yake kabisa. Nikashika kamba. Bwana Abelardo akauliza tunachelewa nini, wageni wanalowa. Jua lilikuwa limezama, shemeji. Nikaogopa. Nikamwambia ni Wale wa Kale. Akasema basi, twende."

"Na safari iliyofuata?"

Akafuta pua kwa mkono.

"Alikuwa bado anaita."

"Ukapita."

"Nikapita. Sauti ilikuwa imekauka. Haikuwa tena ya mtu. Nikajiambia, unaona, kumbe ni wao." Akaniinulia macho. "Ulitaka niamini nini? Baba katufundisha. Mama katufundisha. Wewe mwenyewe jana umekimbia ukaacha birika."

Ukweli unachoma zaidi ukitoka kinywani mwa mtu unayetaka kumpiga jiwe.

Bwana Abelardo nilipomweleza alivua kofia. Alisema pole, na nadhani aliisema kwa moyo. Kisha akanishika bega na kunisogeza nyuma ya hema.

"Wageni wasiione hiyo mifupa, mama. Wamekuja kupumzika. Nyinyi wawili tangulieni, sisi tutashuka kesho."

Nilimtazama mpaka akavaa kofia yake.

Tuliifunga mifupa kwenye shuka langu. Baghala nilikataa wambebe. "Utambeba wewe," nilimwambia Crisólogo, naye akainama, nikamfunga kaka yake mgongoni kama mama anavyofunga mtoto. Tukaondoka. Nilimsikia tu akihema, na wakati mwingine akilia kidogo, na sikumwonea huruma. Mzigo ule ulikuwa mwepesi mno kwa mtu mzima. Kila mifupa ilipogongana ndani ya shuka, aliruka.

Tulifika kwenye kona ya mwisho ambako magofu bado huonekana. Jua lilikuwa limeshafika nyuma ya vilele. Theluji ya juu ilikuwa ya rangi ya nyama.

Ikaja kutoka nyuma yetu. Kutoka juu.

"Mdogo wangu..."

Crisólogo alisimama.

"Mdogo wangu... nivute."

Ilikuwa sauti ya Melitón. Ilitoka magofuni, mbali, lakini ilifika kama mtu aliyesogeza mdomo sikioni. Na Melitón alikuwa mgongoni mwa mdogo wake, amefungwa kwa shuka langu.

Niligeuka. Hapakuwa na mtu njiani.

"Yuko hai," Crisólogo alinong'ona.

"Umembeba, Crisólogo."

"Nimebeba mifupa. Mifupa haina sura, shemeji." Alianza kufungua fundo kifuani. "Huko juu kumejaa mifupa ya watu."

"Kombeo ni lake. Katambuga ni zake. Nimezungumza naye."

"Umezungumza na nani?"

Nilitaka kulishika fundo, akausogeza mkono wangu.

Aliushusha mzigo taratibu, akaulaza miguuni pangu, akaufunika vizuri usilowe. Uso wake ulikuwa umetulia. Sikuwa nimeuona umetulia tangu msimu wa mvua.

"Mara ile nilipita," alisema. "Sitapita tena."

Nilidaka poncho yake, ikaniponyoka. Akaanza kupanda mbio, akiteleza, akishika majani, akipaza sauti mpaka mlima ukamrudishia.

"Naja, kaka. Naja."

Ukungu ulishuka kumlaki.

Watu walimtafuta. Safari hii walitafuta kweli, kijiji kizima, na Bwana Abelardo mbele yao. Hawakuona hata alama ya mguu. Walichokuta ni ule ukuta mdogo. Mawe niliyoyaondoa kwa mikono yangu yalikuwa yamerudishwa, yamepanda mpaka juu kabisa, na safari hii yalipangwa kwa ustadi, yamebanana, kisu hakipiti. Wanaume wote walirudi nyuma. Nikayabomoa mwenyewe kwa mtaimbo. Ndani hapakuwa na mtu. Niliweka kiganja sakafuni.

Palikuwa na joto, kama kitanda kilichoachwa sasa hivi.

Mifupa niliizika makaburini kwetu. Nimeipa jina la Melitón, na ninaiombea kwa jina hilo. Siku nyingine nikipiga magoti pale najiuliza niliyemzika ni nani, na nimemfungia nani mlango.

Mama mkwe wangu hakulia. Amezika kofia, amezika mifupa, na kwa mwana wa pili hana hata cha kuzika. Aliniuliza kitu kimoja tu, akiwa amekaa jikoni kwake, akimenya viazi bila kuniangalia.

"Kwa nini hukumwita mwanangu arudi?"

Nilimwita, mama. Nilimwita kwa jina lake na la baba yake mpaka koo likachanika. Alisimama mara moja kwenye ukungu, kichwa upande, kama anayesikiliza. Halafu akaziba masikio kwa viganja, kama ulivyomfundisha, akaendelea kupanda.