Birika la Ubatizo la Ganako

Damu ya mbuzi haikuganda. Bartolomeo aliikinga asubuhi katika birika la mawe, akaenda kutundika nyama, na aliporudi birika lilikuwa kavu, safi kama lililolambwa.

Jengo lile, pale Ganako, zamani lilikuwa kanisa. Waumini walipohamia kanisa jipya kando ya lami, likawa ghala la mahindi, kisha karakana ya seremala, na sasa bucha. Wote waliotangulia waliliacha birika la ubatizo mahali pake, limefunikwa ubao. Bartolomeo, mtu wa kuja kutoka Baray, aliung'oa ubao ule siku aliyohamia.

Sironka, aliyemletea mbuzi kutoka Arash, alimtania kwamba amepata mteja asiyelipa. Bibi Blandina, jirani, hakucheka. Alieleza kwamba chini ya jiwe kulikuwa na chemchemi yenye jini, na waumini wa kwanza walijenga juu yake makusudi ili kulifungia. Lakini kila mtoto aliyebatizwa pale, jini lilisikia jina lake. Majina lilikuwa nayo. Lililokosa ni damu.

"Mkeo naye alibatizwa humu," alinong'ona. "Likimwita Laurencia, asiitike."

Bartolomeo aliahidi kuurudisha ubao jioni, wateja wakipungua.

Alasiri bucha ikajaa harufu ya tope bichi. Mkewe, ambaye Bartolomeo hakuwa amempa onyo lile, alikuwa nje akimenya ndizi, Bartolomeo na Sironka wakiwa nyuma ya jengo wakichuna mbuzi. Tangu amzae Piusi, kila mtu alimwita Mama Piusi. Aliyebaki kumwita Laurencia ni padri tu. Kwa hiyo aliposikia jina hilo likitamkwa ndani, alidhani padri amefuata nyama.

"Abee," akaitika, akaingia.

Bartolomeo na Sironka walimkuta amepiga magoti, mkono umezama hadi begani katika birika lisilozidi kina cha sufuria, na walipomkamata kiuno wakavuta, kitu kikavuta upande wa pili kwa nguvu ya fahali anayekataa kamba, mfupa ukalia, ngozi ya bega ikachanika, damu ikatiririka na kunyonywa kabla haijatua, na huko chini kukasikika kumeza, taratibu, kwa kituo, kama mtu mwenye kiu ya miaka mingi.

"Mwite kwa jina ambalo jini halilijui," Blandina alisema mlangoni.

"Mama Piusi," Bartolomeo alisema. "Mama Piusi, nitazame mimi."

Akamtazama. Aliliona shoka la kukatia mifupa mkononi mwa mumewe, akaitikia kwa kichwa. Pigo la kwanza halikutosha.

Alipona. Birika likajazwa zege, bucha ikafungwa. Jeraha lilipokauka, Bartolomeo alirudi kuchukua mizani na ndoana zake, mkewe akabaki kumsubiri uani.

"Mama Piusi," akaita, mikono imejaa, "nishikie mlango."

"Abee, Baba Piusi," ikaitika sauti ya mkewe, kwa upole, kutoka chini ya zege.

Uani, Mama Piusi alikuwa amejiziba mdomo kwa mkono uliobaki.