Fishi ya Kujaribia

Domitille ni binti wa shangazi yangu, kwa hiyo msinitazame hivyo. Hii siyo habari ya kuokota sokoni Kadutu. Mwaka 2000, vita ya pili ya Kongo imepamba moto, alikuwa mkuu wa ofisi moja ya Bukavu iliyotafuta watu waliopotezana. Mtaa wa Bagira walikuwa na orodha yao, Kadutu yao, kisiwa cha Idjwi yao, na kompyuta hazikusemezana. Basi wakatangaza kazi: mtaalamu wa kujenga ile sehemu ya ndani ya programu, isiyoonwa na mtu, ya kuunganisha majina yote.

Kila aliyepotea alitakiwa kuwa na fishi mbili, yaani kadi mbili za maelezo: moja ya kutafutwa, moja ya kupatikana. Zikilingana, familia inaitwa. Kwa mtihani wa kazi, Domitille alitakiwa abuni watu wasiokuwepo. Alichoka kubuni. Akaandika fishi ya kupatikana ya mdogo wake Lucien, aliyepotea tangu 1996, maana habari zake zote zilikuwa kichwani. Mama yao alishaandikisha fishi ya kumtafuta, akakataa katakata kumfanyia matanga. Domitille naye alikuwa na hamu ya kumwona hata mara moja, basi.

Wa mwisho kuingia kwenye mtihani alikuwa Stanislas, mwanamume mpole, shati limenyooshwa vizuri. Wenzake walihangaika asubuhi nzima. Yeye alimaliza kabla chai yake haijapoa. Kisha mkono ukasimama.

“Maman, huyu Lucien,” akamnong'oneza Domitille. “Fishi yake ya kupatikana iko hapa. Nani alimuona?”

“Hakuna mutu. Ni ya kujaribia tu. Ifute.”

“Nilishaiunganisha na ile ya kutafutwa.” Akasukuma kiti nyuma. “Walishamuambia arudi.”

“Nani walimuambia?”

Stanislas alichukua diploma yake akatoka, hata matokeo hakuuliza.

Domitille alijaribu kucheka, kicheko hakikuja. Saa tisa mchana alipanda basi la Bagira, kwa mama yake, akateremka kabla halijasimama sawasawa.

Mama alikuwa mlangoni, kavaa kikwembe kipya, uso umejaa furaha.

“Lucien alishafika. Anasema ni weye ulimuita. Iko anaoga.”

Kweli, maji yalikuwa yanamwagika bafuni, kule nyuma ya nyumba. Kikombe kimoja. Kingine. Mtu akakohoa. Kikohozi cha Lucien kabisa. Domitille akasimama mbele ya pazia. Alitaka kulifungua. Mungu wangu, jinsi alivyotaka.

“Lucien?”

Maji yakakoma.

“Dada,” sauti ikasema taratibu. “Tuko wengi. Andika na hawa wengine.”

Akavuta pazia. Hakuna mtu. Sakafu ya sementi ilikuwa imelowa, imejaa nyayo. Za wakubwa. Za watoto. Zote zilielekea ndani ya nyumba. Hakuna hata moja iliyorudi nje.

Ndani, akamsikia mama.

“Karibu, papa. Na weye mutoto, ingia. Ingieni wote.”

Nyayo zile nimezisugua mimi mwenyewe, kwa mchanga na brashi ya chuma. Hazikutoka.