Deni la Bega

Siku Nahayo alipokuja kunionyesha koti lake jipya la kung'aa, nilikuwa nakaanga mandazi na sikuwa na hamu ya kumsifu mtu. Nahayo ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Nimemlea hapa hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, tangu alipokuwa hajui kufunga kamba za viatu. Alikuwa ametoka Lilongwe, kwenye ukumbi mmoja wa Area 23, ambako yeye na wenzake walifundishwa kazi ya kujitolea ya uokoaji: kufunga jeraha, kumtafuta aliyepotea, kumfukua aliyeangukiwa na ukuta, kumbeba mgonjwa bila kumvunja zaidi. Walipewa filimbi, mkoba wa dawa na machela ya turubai la rangi ya chungwa.

"Tantine, angalia," akaniambia mimi shangazi yake. "Sasa mi njo secouriste."

"Naona. Na mushahara iko wapi?"

"Ni volontaire, tantine. Hakuna mushahara."

"Basi beba na hii ndoo ya unga, kama unapenda kubeba bure."

Alicheka, akaibeba. Ndivyo alivyo. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini Nahayo yuko kinyume. Wa mwenzake ndio unaomlemea. Nilimtania, na moyoni nilijivunia yule kijana mpaka machozi yakanilenga, nikasingizia moshi.

Wito wake wa kwanza ulikuja wakati wa mvua za Januari. Isimbi, jirani yetu Mnyarwanda, alishikwa na uchungu, mtoto amekaa vibaya, damu inatoka. Gari la wagonjwa lilikwama ng'ambo ya kijito kwa sababu ya matope. Ikabidi abebwe mpaka huko. Nahayo alishika pembe moja ya machela, Zihindula Mkongomani akashika ya pili, Épitace ya tatu, wote wawili wenzake wa mafunzo, na ya nne akashika Rurangwa, mume wa Isimbi. Waliipandisha mabegani wakaenda mbio kadiri utelezi ulivyowaruhusu.

Walipofika kwenye mkaratusi mkubwa, hatua chache kabla ya kijito, Rurangwa aliteleza na mguu ukamgeuka. Machela ikainama. Isimbi akapiga yowe.

Hapo ndipo mzee mmoja alipoinuka chini ya ule mti. Alikuwa amekaa kwenye mvua bila mwavuli, bila hata mfuko wa plastiki kichwani. Hakuulizwa kitu. Aliingiza bega chini ya mpini na wakaendelea. Nahayo aliyekuwa nyuma yake aliona shati la kijivu lililoloa na shingo nyembamba. Uso hakuuona.

Walivuka. Isimbi alifikishwa Lilongwe, na yeye na mtoto wake wako hai mpaka leo. Nalisema hili kwa sababu yule mzee alitenda wema, na sitaki mtu amtukane mbele yangu.

Mlango wa gari ulipofungwa, mzee alimwambia Nahayo kwa sauti ya chini:

"Mi naishia hapa. Na mi mutanibeba siku moja, mpaka Lilongwe?"

"Ndiyo, muzee," Nahayo akajibu kwa adabu zake. "Tutakubeba."

Akageuka ampe mkono. Hapakuwa na mtu. Kwenye matope palikuwa na nyayo za Zihindula, za Épitace na zake mwenyewe.

Aliponihadithia nilikuwa na mwiko mkononi, ukaniponyoka ukaingia kwenye mafuta. Kwetu Burundi, milimani, mgonjwa alibebwa mabegani kwenye ingobyi, kitanda cha kusukwa. Ukikutana na wabebaji njiani unatua jembe lako, unaingiza bega, hamuulizani majina. Na yule anayewasaidia akichoka, mnamwambia tu "Genda amahoro," nenda kwa amani. Hamumwahidi kumbeba. Ukimwahidi aliye mzima, unamwombea ugonjwa. Na kama si mzima, kama ni mmoja wa wale walioanguka njiani kwa kukosa mabega, basi umempa kitu cha kungojea. Nahayo amezaliwa kambini, ingobyi hajawahi kuiona. Ahadi aliitoa kama anavyotoa shikamoo.

"Tantine, hiyo ni mambo ya bazee," akasema.

"Na yule alikuwa nani? Kijana?"

Akachukua koti lake akatoka.

Wito wa pili ulikuwa wa bibi Mukakarangwa, aliyeanguka akavunjika nyonga. Mukakarangwa ni mwepesi. Upepo wa Agosti ukivuma hushika mlango asipeperuke. Vijana wanne walijaribu kumwinua, machela haikutoka chini. Walipojaribu tena ikapanda kwa shida. Njiani bibi alimvuta Nahayo mkono wa koti, akamnong'oneza.

"Mutoto wangu, mutoe huyu mwanaume. Amelala juu ya miguu yangu. Iko baridi sana."

Juu ya miguu yake palikuwa na blanketi tu.

Tangu hapo Nahayo hakutulia. Alikuja kwangu, akakaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Nilimpa nsima, ugali wa huku, akaibonyeza kwa kidole mpaka ikapoa. Bega lake la kushoto lilianza kushuka. Nililipima kwa macho kila alipopita, na kila alipopita lilikuwa limeshuka zaidi. Na kila wito machela ilikuwa nzito kuliko jana.

Kisha ukaja wito wa mtoto wa Bigirimana. Degedege. Msichana mdogo, ukimweka mgongoni unaendelea na kazi zako. Njia ambayo mtu huimaliza akitafuna muwa mmoja, wao waliitambaa. Walipofika kwenye gari midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka kijivu. Alipona, lakini muuguzi alimtazama Nahayo na kumwuliza walikuwa wamesimama wapi muda wote huo.

Nahayo alikuja akalivua koti akaliweka mezani kwangu.

"Tantine, iko siku mutu atanifia mu mikono. Ugonjwa haitamuua. Ni huu uzito njo utamuua."

"Basi acha hiyo kazi!"

"Nikiacha, bengine batabeba. Muzee iko mu machela. Haiko mu mi."

Nilikasirika kwa sababu alikuwa amesema kweli. Machela ilikuwa moja tu kwa mtaa wetu wote. Kesho angelala juu yake mtoto wa yeyote, na yule mzee angelala pamoja naye.

Nikaenda kijitoni. Huko kuna mama mmoja Mmalawi anayeuza viazi vitamu. Nikanunua, nikamsifia viazi vyake, ndipo nikauliza. Akaniambia kwamba zamani mkimbizi mmoja mgonjwa alitoka kambini kwa miguu akielekea hospitali Lilongwe. Akakaa chini ya mkaratusi kupumzika. Watu walipita na mizigo yao wakasema ni mlevi. Walipokuja kumtikisa alikuwa amekauka.

"Na si yeye peke yake," akaongeza. Kisha akafunika viazi vyake, ingawa jua bado lilikuwa juu.

Dawa ya deni kulipa. Nilimwambia Nahayo hivyo, naye akawaambia wenzake. Zihindula na Épitace walikubali mara moja. Mabega yao yalikuwa yameshajua. Pembe ya nne hakupatikana mtu. Nani atakubali kubeba machela tupu mpaka Lilongwe? Nikafunga kitenge changu vizuri juu ya bega, mimi Goreth mkaanga mandazi, nikasema nitabeba mimi.

Niliwaonya jambo moja nililolisikia kwa bibi yangu: mzigo wa namna hii hautuliwi chini kabla ya kufika. Ukigusa udongo njiani, deni linaanza upya.

Ilikuwa Juni, asubuhi ya baridi na vumbi. Mvua tulikuwa tumeshaisahau. Nahayo aliitandaza machela chini ya mkaratusi.

"Muzee," akasema. "Tumekuja."

Tukangoja. Turubai likabonyea. Kwanza upande wa kichwa. Kisha mgongo. Kisha visigino viwili.

Épitace alianza kusali kwa Kinyarwanda, haraka haraka.

Tukainua. Kweli alikuwa mzito, lakini alikuwa na uzito wa mtu, siyo zaidi. Tulivuka kijito kilichobaki mawe. Watoto wa njiani walitucheka, wakasema tunabeba upepo. Mwendesha kabaza, baiskeli ya abiria, alipunguza mwendo atutanie. Akaangalia kwenye machela. Akafunga mdomo na kukanyaga pedali kwa nguvu zote.

Baada ya kijito kuna mpando unaofika barabarani, ambako pikapu tuliyoikodi ilikuwa inatungoja. Katikati ya mpando goti langu likakataa. Mpini ukaanza kunitoka begani. Machela ikainama upande wangu.

"Tantine," Nahayo akanong'ona. "Usiachie."

Nilikuwa naachia.

Hapo nikasikia bega jingine kando ya langu. Jembamba. Baridi. Lilinuka udongo wa mvua na maziwa ya mama. Sikugeuza kichwa. Sauti ya mwanamke ikaniingia sikioni.

"Na sisi mutatubeba?"

Hakuinua. Alingoja jibu.

Mimi ndiye niliyemfokea Nahayo. Mimi ndiye ninayejua nini cha kusema. Genda amahoro, basi. Lakini maneno hayo huambiwa anayeondoka, na huyu alikuwa hajabeba bado. Mbele yangu niliiona shingo ya mtoto wangu, mshipa umemsimama. Niliiona midomo ya msichana wa Bigirimana. Mpini ukashuka tena.

"Ndiyo," nikasema.

Uzito ukaondoka begani mwangu. Tukapanda mpando wote kama watu wanaokwenda arusini, na nyuma yangu vumbi lilikuwa na nyayo nilizokataa kuzitazama.

Kwenye pikapu hatukuitua machela, tuliipakata magotini mpaka Lilongwe. Tulipita Old Town katikati ya kelele za soko na mabasi, na hakuna aliyetujali. Kwenye geti la hospitali mlinzi alikuja kutuuliza mgonjwa ni nani. Akachungulia. Akavua kofia.

"Pepani, bambo," akasema kwa upole, kama mtu anavyompa pole mzee mgonjwa. Kisha akatuambia kwa Kichewa tumweke kivulini, jua linampiga usoni.

Tukaiweka barazani. Turubai likanyooka lenyewe, polepole. Nahayo akavuta pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameizuia tangu Januari, akalia bila kujificha. Wakati wa kurudi alilala kwenye pikapu mdomo wazi, bega lake la kushoto limekaa sawa na la kulia. Nilimtazama njia nzima. Wiki ile ile walimbeba mtu aliyeangukiwa na tofali, wakafika mapema mpaka dereva wa gari la wagonjwa akashangaa. Machela ni nyepesi. Hakuna mgonjwa aliyelalamika tena. Nimefurahi, na furaha hiyo ni ya kweli.

Jioni ya siku ile tuliyotoka hospitali, nilipofungua kitenge nilikuta alama begani. Matope mekundu, mabichi, mwezi wa Juni. Ni kiganja cha mkono, vidole vyote vipo, na chote kinaenea ndani ya kifuniko cha chupa ya soda.

Nimefua kwa sabuni, nimefua kwa jivu, nimeanika juani. Alama inatoka. Asubuhi imerudi. Nahayo sijamwambia. Nikimwambia atakuja na machela leo leo, na wenzake watakuja, nasi tutafika kwenye ule mpando. Pale kuna mtu atachoka, na bega jingine litakuja. Mama wa viazi aliniambia si mmoja, na mimi najua sasa wanavyouliza.

Najua pia kwamba wanaongoja hawangoji milele. Sijakaanga mandazi siku kadhaa, mgongo unanisumbua. Jana jirani yangu Annuarite aliniuliza kwa nini siku hizi nikisimama kuongea naye najitikisa, kushoto, kulia, kushoto. Sikuwa najua kama nafanya hivyo.

Leo asubuhi nimekitoa kitenge kwenye kamba. Begani hakuna kitu, pamekuwa safi kabisa. Alama zimehamia mgongoni, na sasa ni mbili, moja kila upande, pale mtoto anaposhika akishabebwa.