Cherehani kwa Baiskeli

Asubuhi hiyo Clémence alipanga sombe, majani ya muhogo, kwenye meza yake ya mbao, kando ya barabara ya Mangobo. Majani yalikuwa yamelegea. Mume wake, René, aliyachuma shambani Masako jana yake, akayabeba kichwani mpaka nyumbani. Kutoka Masako kwa miguu ni mbali. Mwanamke mmoja aliyagusa majani, akakunja uso, akaenda kununua kwa mwingine.

Vita vya siku sita vilikuwa vimepita mwaka uliotangulia, lakini Kisangani bado ilikuwa mikononi mwa askari. Petroli ilikuwa haba. Magari yalisimama. Watu walisafiri kwa toleka, yaani baiskeli zinazopakia abiria nyuma. Mihogo, mkaa, hata wagonjwa walibebwa kwa baiskeli. Kila mtu alitaka baiskeli.

Kwa hiyo Clémence alishtuka aliporudi nyumbani na kumkuta kijana asiyemjua mlangoni, ameshika baiskeli.

"Mama, ni hapa kuko machine ya kushona?" kijana aliuliza.

"Nani alikuambia?"

Siku zile, mgeni akijua kilichomo nyumbani mwako, ulikuwa na sababu ya kuogopa.

"Wamama wa paroisse, kule kanisani. Miye naitwa Franck. Natafuta machine. Natoa hii kinga," alisema, akigonga kiti cha baiskeli.

Clémence alimtazama kijana, kisha akaitazama baiskeli. Ilikuwa baiskeli ya mashindano, ya chuma, yenye rangi ya kijani iliyochubuka. Usukani wake ulipinda kama pembe za kondoo. Tairi zake zilikuwa nyembamba. Haikuwa na mahali pa kufungia mzigo.

Cherehani hiyo Clémence aliachiwa na mama yake, kule Yanonge. Tangu vita, hakuna aliyeleta kitambaa. Watu walishona viraka kwa mkono. Lakini hata hivyo, nani angetoa baiskeli kwa cherehani kuukuu?

"Kwa nini hauuzishi kwa batu ya toleka?" aliuliza.

"Hawaitaki. Wanasema iko ya michezo."

René alitoka ndani. Alizunguka baiskeli akitabasamu. Mwili wake ulikuwa bado uani, lakini macho yake yalikwisha kupanda.

"Clémence, Mungu ametukumbuka," alisema.

"Ngoja kwanza. Twende kwa mama Kadidja."

"Bon, twende," Franck alisema mara moja.

Clémence hakupenda alivyokubali upesi. Lakini angekataa, asingependa pia.

Mama Kadidja alikuwa jirani yao. Mume wake alikuwa kwado, fundi wa baiskeli. Alipokufa, Kadidja aliendelea na kazi ileile chini ya bati lilelile.

Njiani Clémence alimnong'oneza René: "Huyu mama anakula kwa kinga za kuvunjika. Atatuambia ukweli sababu gani?"

Kadidja alikuwa ameinama juu ya gurudumu. Alinyoosha mgongo.

"Masikio yangu iko muzima, mama Clémence. Usiniamini. Lete mukono yako, utaona weye mwenyewe."

Clémence aliona haya, lakini alisogea.

"Kwanza cadre, hii chuma yote ya katikati," Kadidja alisema. "Pitisha kidole hapa chini, karibu na gurudumu la mbele. Kama kinga iligonga ukuta, rangi inakunjamana hapa. Chuma inavimba. Unasikia kitu?"

"Hapana. Iko laini."

"Sasa simama nyuma. Magurudumu mbili inafuatana?"

Clémence alifumba jicho moja. Gurudumu la nyuma lilificha lile la mbele. Hakuna lililokwenda kando.

Kadidja aliigeuza baiskeli, magurudumu yakatazama juu. Alimpa Clémence msumari.

"Kwaruza hapa chini, penye pedali inazungukia. Maji inakaa hapa. Kutu ya juu si kitu, tunaifuta. Lakini msumari ukiingia, cadre imeoza."

Clémence alikwaruza kwa nguvu zote. Vumbi jekundu lilidondoka. Chini yake chuma kiling'aa. Msumari haukuingia.

"Unaona namba ya kinga, imepigwa kwenye chuma?" Kadidja aliuliza. "Namba ikifutwa kwa tupa, usinunue. Kinga hiyo imeibiwa, na mwenyewe anaitafuta. Akikukuta nayo, utaitwa mwizi weye."

Namba ilikuwepo. Ilikuwa imejaa uchafu wa miaka mingi.

Clémence alizungusha gurudumu la nyuma. Aliweka kidole karibu na ukingo wake. Gurudumu lilikigusa kidole, likakiacha, likakigusa tena.

"Linayumba," alisema, akamkazia Franck macho.

"Ni rayons zimelegea, hizi waya," Kadidja alijibu. "Ninazikaza. Sasa vuta pedali kwako, isukume tena."

Kitu kililia ndani: kak, kak.

"Ndani mule gololi zimekwisha. Lazima kutia zingine. Donc, kinga hii iko na ugonjwa mbili, lakini zote zinapona. Mifupa yake iko muzima. Na chuma ni chuma: siku ikipasuka, mtu anaichomelea hapahapa Kisangani."

"Basi batu ya toleka wanaikataa sababu gani?" Clémence aliuliza. Bado moyo wake haukutulia.

"Sababu ya tairi. Saizi hii haiko sokoni. Kinga ya bei ndogo ambayo haina tairi, utaisukuma tu. Miye niko nazo mbili, za mume wangu, pana kidogo. Zikiisha, utaagiza Goma kwa wafanyabiashara. Sikufichi. Tena haifai kupakia mutu munene kwenye muchanga. Lakini sombe na muhogo, inabeba."

René alitaka kuijaribu. Alipokamata usukani, Franck aliishika baiskeli nyuma.

"Papa, ukienda usirudi?"

"Miye bibi yake niko hapa," Clémence alisema.

"Bibi pia anakimbiaga."

Kadidja alicheka mpaka akakaa chini. Clémence hakucheka. Kwa mara ya kwanza alijiona kama kijana yule alivyomwona: mtu asiyejulikana, anayeweza kuwa mwizi.

"Muache," alimwambia Franck. "Miye ninabaki hapa na weye."

René alikwenda mpaka kwenye kona, akarudi. Aliachia usukani kidogo. Baiskeli haikuvuta upande. Alikamata breki, ilisimama. Alishuka akihema.

"Iko nyepesi," alisema. "Lakini ukishtuka, nayo inashtuka. Usukani lazima kuushika polepole."

"Swali ya mwisho," Clémence alimwambia Franck. "Tupeleke kwenu. Jirani zenu watuambie kinga ni ya nani."

Uso wa Franck ulibadilika. Alitazama chini.

"Kwetu hapana."

Clémence alimgeukia René. Macho yake yalisema: nilijua.

"Basi chukua kinga yako," alisema.

Franck aliisukuma hatua chache. Kisha akasimama.

"Njooni," alisema kwa sauti ndogo.

Walimfuata mpaka mtaa wa Tshopo, kwenye kiwanja kilichojaa matofali yaliyovunjika. Nyumba haikuwepo. Kombora lilikuwa limeiangusha. Kwenye pembe moja, chini ya hema la plastiki, mwanamke alikuwa akishona shati la shule kwa mkono. Nguo na sufuria zao zilikuwa pamoja juu ya mkeka mmoja.

"Ni tantine, shangazi yangu, Odile," Franck alisema. Hakuwatazama. "Sikutaka muone namna tunaishi."

Odile aliwapa ubao wakae. Aliwaeleza kwamba masista walimpa kazi ya kushona nguo za wanafunzi. Cherehani yake ilizikwa chini ya ukuta. Kwa mkono hangemaliza, na masista wangempa mtu mwingine kazi.

"Na kinga?" Clémence aliuliza, sasa kwa upole.

"Ya mume wangu. Alikuwa anashindana nayo kabla ya vita. Uliza pale kwa jirani."

Clémence aliuliza. Hakuona haya kuuliza, hata baada ya kuona hema. Mzee wa nyumba ya jirani alisema aliiona baiskeli ile kila Jumapili, miaka mingi, na mwenyewe alipokufa, jirani wote walimzika.

Siku iliyofuata Odile naye alikwenda kwa Clémence, akaijaribu cherehani. Alizungusha gurudumu lake, akatia uzi, akashona kitambaa, akakivuta kwa nguvu kuona kama mshono utaachia. Clémence alisimama kando, akamwacha apime mpaka aliporidhika, kisha wakabadilishana.

Kadidja alikaza waya, akatia gololi mpya, akabadilisha usukani wa pembe kwa ulionyooka. Alifunga chuma cha mzigo nyuma, akawafundisha Clémence na René.

"Mzigo ukae chini, karibu na kiti. Ukiuweka juu, utakuangusha. Pompa tairi ziwe ngumu. Penye muchanga, shuka. Mvua ikinyesha, chuma ya gurudumu inateleza: kamata frein mapema, ya nyuma kwanza, kisha ya mbele kidogo-kidogo."

René alianza kwenda Masako na kurudi siku hiyohiyo. Sombe ilifika sokoni mbichi. Wanunuzi walirudi kwenye meza ya Clémence, na watoto wao wakala mara mbili kwa siku.

Kisha René akashikwa na malaria. Alilala akitetemeka, na meza ilibaki tupu. Clémence alivaa suruali ya mume wake, akaipeleka baiskeli kwenye kiwanja cha mpira ajifunze kuendesha. Alianguka. Wanawake walicheka, naye akacheka nao, akapanda tena. Kadidja alikimbia nyuma akishika kiti, akipiga kelele: "Tazama mbele, si chini!"

Alfajiri moja alishika njia ya Masako peke yake. Kwenye mchanga alishuka. Kwenye mteremko wenye tope alikamata breki mapema. Wakati wa kurudi na mzigo wa sombe, kwenye kizuizi, askari alimsimamisha, akamtazama kuanzia suruali mpaka kilemba.

"Mama, kinga hii ni ya nani?"

"Ni yangu," Clémence alisema, bila kusitasita.

Askari alichukua fungu moja la sombe, akafungua njia. Clémence alipanda. Alipofika Mangobo, majani yaliyobaki yalikuwa bado na umande.