Kisasi cha Zuwena wa Usingizi

Kambi ya kupasua mabusha ilikuwa imejaza kibaraza cha hospitali hadi watu wakakalia ngazi. Wanaume waliojifunga misuli mipana, kanzu zimelegea, macho chini. Zuwena, muuguzi wa usingizi, alitoka na nguo zake za kijani za chumba cha upasuaji, akaita jina la kwanza kwenye orodha bila kulitafakari.

"Shaaban!"

Akainuka kwa kujivuta. Ni yeye. Marashi yaleyale, tabasamu lilelile, ila mwendo umekuwa wa mtu aliyebeba nazi.

Huyu ndiye aliyeleta posa kwao Zuwena, mtaa wa Rasbura, kisha akaivunja kwenye soko la samaki, wachuuzi wenzake walipomcheka. "Siwezi kuoa mwanamke ambaye kazi yake kulaza wanaume," alisema, na soko zima likaangua kicheko. Tangu hapo Zuwena hakukunja msala bila kuomba: Ee Mola, nionyeshe siku yake.

Siku ndiyo hii.

"Zuwe, mpenzi! Kumbe ni wewe?"

"Mpenzi kamtafute sokoni. Umekula?"

"Wallahi, tangu jana sijatia kitu mdomoni."

Zuwena akainama kumpima presha. Harufu ya supu ya pweza ikampiga puani. Bila shaka mama mtu alimnywesha; nani apeleke mwanawe kwenye kisu na njaa? Shetani akamnong'oneza Zuwena: nyamaza, mwingize. Zuwena akaleta istighfari, akanyanyuka.

"Huyu arudi kesho. Amekula."

"Unanilipizia kisasi!" Shaaban alifoka.

"Ningekuwa nalipiza, ningekulaza na supu yako tumboni. Ganzi ikikuzidi ukalala, koo nalo linalala. Supu inapanda, inaingia mapafuni, unakufa. Daktari ana kisu, Shaaban. Pumzi yako ninayo mimi."

Shaaban akajivuta kurudi nyumbani.

Kesho yake alikuja na njaa ya kweli. Zuwena alimdunga ganzi mgongoni, akaketi kichwani pake, vidole kwenye mkono wake, macho kwenye mashine. Ng'ambo ya pazia daktari akaanza.

"Miguu siisikii," Shaaban alinong'ona.

"Vizuri. Leo huna pa kukimbilia. Mama yangu aliacha kwenda sokoni kwa aibu uliyotutia. Mimi samaki naagiza kwa jirani, kama mwizi. Uliwahi hata kuniuliza humu ndani nafanya nini?"

Midomo ya Shaaban ilikuwa imepauka. "Zuwe... naona giza... naondoka."

Presha ilikuwa inashuka. Zuwena akafungulia dripu, akasukuma dawa mshipani. "Huendi popote. Sijamaliza kukusema."

Taratibu rangi ikamrudia, na machozi pamoja nayo.

"Niruhusu nilete posa tena."

"Maneno ya mtu aliye kwenye ganzi siyapokei. Ulinivua nguo sokoni. Nenda kanivike palepale."

"Niseme nilikuwa na busha? Mbele ya wale?"

"Mbele ya walewale."

Kidonda kikapona. Shaaban akapiga simu, Zuwena akakata. Akapiga tena, akakata. Hadi Ijumaa moja, baada ya sala, akapokea akasikia kelele za mnada wa samaki.

"Usikate, roho yangu. Sikiliza tu." Kisha sauti ikapaa: "Jamani! Mimi nilikuwa na busha!"

Soko likalipuka.

"Chekeni! Daktari alikata, lakini nilipotaka kufa, aliyenirudisha ni muuguzi wa usingizi. Yule niliyemtukana hapa!"

"Kwani hao si wanachoma sindano wanaondoka?" mtu aliuliza.

"Hawaondoki! Anakaa nawe, anakulindia pumzi mpaka ushuke kitandani. Mimi nilimwita mlaza wanaume. Mjinga ni mimi!"

Kicheko kikapanda tena. Zuwena, amejitanda khanga barazani kwao, aliuachia utamu wa kisasi umshuke polepole hadi moyoni. Hakuwa na haraka ya kumwokoa.

"Zuwe? Upo?"

"Nipo. Rudia, walio nyuma hawajasikia. Ukimaliza, walete wazee."