Sista Aliyeogopa Swali Moja

Kila asubuhi chumba cha presha kilijaa watu na maneno. Sista aliyepima presha alikuwa kijana, mcheshi, na wagonjwa walimpenda. Alizungumza habari za kuhara bila kukunja uso. Aliuliza habari za bawasiri kama mtu anayeuliza bei ya nyanya. Lakini jambo moja lilimfunga ulimi, nalo ni mambo ya chumbani kati ya mke na mume. Yakitajwa hayo, alianza kutafuta kalamu ambayo haikupotea.

Siku moja aliingia fundi viatu pamoja na mkewe. Sista alimfunga fundi kipimo mkononi, akasoma. Akapima tena.

"Baba, presha imepanda sana. Ni chumvi hiyo."

"Chumvi gani?" mke alidakia. "Kikopo changu cha chumvi kimeota utando wa buibui."

"Unapata choo vizuri, baba? Na vidonge, unameza?"

Fundi alitazama dari. "Nameza. Ila vinanimaliza nguvu, mwanangu."

"Nguvu za kazi?"

"Za kazi ninazo. Nashona viatu kutwa nzima."

Sista alielewa. Masikio yalimwaka moto. Mzee huyu alikuwa rika la baba yake.

"Basi kula matunda, upumzike," alisema haraka haraka, akawaelekeza kwenye dirisha la dawa.

Wakati wa chai alimsimulia mkuu wa wauguzi, mama wa makamo ambaye wote walimwita Shangazi.

"Nitaanzaje kumuuliza mtu mzima mambo ya chumbani? Ataona nimekosa adabu."

Shangazi alichovya mkate kwenye chai. "Ulimuuliza kama anapata choo vizuri?"

"Nilimuuliza."

"Na hiyo ilikuwa adabu?"

Sista alicheka bila kutaka.

"Sikiliza, mwanangu. Yule mzee kajikaza, kakubishia hodi. Wewe ukanyamaza kama nyumba haina mtu. Ukiona aibu wewe, anayeumia ni yeye. Funga mlango, omba ruhusa, tumia maneno ya kawaida. Asipotaka kusema, mwache. Lakini ajue kwamba siku akitaka, utamsikiliza."

"Na nikikosa jibu?"

"Sema hujui, utamuuliza daktari. Hakuna aliyekufa kwa kusema hivyo."

Sista aliacha chai yake mezani. Aliwakuta mzee na mkewe bado wako kwenye foleni ya dawa. Alimvuta fundi pembeni.

"Baba, kuna jambo la afya sikukuuliza. Tuzungumze wawili, au na mama awepo?"

Fundi alifikiri kidogo. "Na yeye. Nimechoka kujificha."

Walirudi kwenye chumba cha presha. Sista alifunga mlango, akavuta pumzi.

"Watu wengi wenye presha huona mabadiliko katika tendo la ndoa. Je, na nyinyi yamewafika?"

Fundi alitazama dari tena. Kisha mke akasema, "Huyu kaniachia kitanda. Analala kwenye kochi. Nikajua kapata mwingine."

"Mwingine wa nini?" fundi alisema. "Mmoja kanishinda, niongeze wa pili?"

Mke aliangua kicheko mpaka machozi yakamtoka. Fundi naye akacheka, na sista pia. Kicheko kilipotulia, fundi alisema ukweli. Vidonge alikuwa ameviacha kimyakimya.

"Ahsante kwa kuniambia," sista alisema. "Presha yenyewe hudhuru mishipa ya damu, na nguvu hupungua. Baadhi ya dawa huchangia. Wasiwasi nao huchangia. Lakini ukiacha dawa, unaweza kupata kiharusi. Usiache. Tuambie, daktari aangalie kama kuna dawa nyingine inayokufaa. Na zile dawa za nguvu za mitaani usiziguse. Zinaweza kukuua."

"Na kwa sasa?" mke aliuliza.

"Kukumbatiana hakujakatazwa, mama."

"Umesikia?" mke alimwambia mumewe. "Leo kochi lipumzike."

Siku hiyohiyo daktari alimbadilishia fundi dawa. Mwezi uliofuata waliporudi kliniki, presha ilikuwa imeshuka. Fundi alikuwa akipiga mluzi.

"Vidonge sikosi hata kimoja," alisema. "Namezeshwa kama mtoto."

"Na mengine?" sista aliuliza, wala hakutafuta kalamu.

Mke alijibu kabla ya mumewe. "Mengine yanaendelea vizuri, mwanangu. Mungu akubariki."

Tangu hapo sista aliuliza kila mgonjwa mtu mzima, mlango ukiwa umefungwa. Wengine walisema hawana tatizo. Wengine walikataa kuongea, naye hakuwalazimisha. Hakuna aliyemwona hana adabu.

Kisha akaja bibi mmoja mwenye mvi tupu, anayetembea na fimbo. Sista alisita. Halafu akauliza. "Bibi, wewe na babu, mambo ya chumbani yanaendeleaje?"

Bibi aliegemeza fimbo ukutani.

"Sogeza kiti, mjukuu wangu," alisema. "Nilidhani hapa mnafikiri sisi tumeshazikwa."