Jino la Anyesi

Hebu fumba macho uone sebule ndogo ya Moshono, Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Kochi la watu wawili limeegemea dirisha, na nje Mlima Meru umejifunika mawingu. Kwenye kochi amekaa Anyesi peke yake, shavu limevimba. Anamwogopa daktari wa meno kuliko chui, na dada yake mwenye nyumba, mwalimu Theresia, amemcheka tangu asubuhi.

Theresia alikuwa amejifunza hipnosi kwenye mafunzo ya ushauri nasaha. Alimweleza mdogo wake kwamba huo si uchawi: ubongo hushikilia jambo moja, na mengine, hata maumivu, husogea mbali. Anayefanyiwa husikia kila kitu, na hutoka humo akitaka.

"Basi niondolee hofu ya sindano tu, dada," Anyesi alisema. "Usinichimbe mambo ya shemeji yako."

Theresia akaanza kumwongoza kwa sauti ya chini, mpaka macho ya Anyesi yakafumba na pumzi zake zikatulia. Hapo Theresia akakosea, tena kwa kujua. Mama yao alipokuwa anakata roho kule Oldonyo Sambu, yeye aliitwa mara tatu, akabaki mjini kusahihisha mitihani. Miaka minne alitamani kujua mama alisema nini. Kwenye yale mafunzo, mkufunzi aliwakataza kumpeleka mtu asikoomba kwenda.

Akampeleka.

"Uko chumbani kwa mama," alinong'ona. "Anasemaje?"

Anyesi akainamisha kichwa, kama watoto wa kwao wanavyowainamia wakubwa ili washikwe utosini. Nywele zake zikabonyea. Hakuna mkono ulioonekana.

Theresia akahesabu haraka mpaka tano ili amwamshe. Macho hayakufumbuka.

"Subiri, dada. Anatafuta viatu."

Akahesabu tena.

"Anasema wewe hukuja. Sasa anakuja yeye."

Kisha Anyesi akafumbua macho, akacheka. Hakukumbuka neno. Jumatatu jino liling'olewa bila shida, akamletea dada yake kuku mzima wa shukrani.

Theresia hajamwambia mpaka leo. Hujifariji kwamba akili ikiwa katika hali ile huweza kujitungia kumbukumbu. Huenda ni kweli. Lakini siku ile, upande wa kochi ambao haukukaliwa na mtu, mto ulikuwa umebonyea, una joto. Amebadilisha sponji mara mbili. Bado unabonyea.

Akikualika, nenda, kunywa chai yake, ni mtu mwema. Nakuomba tu ukumbuke jambo moja: usikae upande ule kabla hujapiga hodi.